Barabara Imefika, Basi Liko Wapi?

Mwaka 2018 Dar es Salaam ilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Ni tuzo ya kimataifa; kabla yetu ilikwishapita Bogotá, Seoul, London, Paris na New York, na hakuna jiji la Afrika lililokuwa limewahi kuigusa. Juni mwaka huohuo wataalamu wa usafiri kutoka nchi mbalimbali wakakusanyika jijini kujionea mwendokasi, mabasi yetu ya haraka. Wakapandishwa basi, wakaonyeshwa vituo, wakasifu. Walikuwa na haki ya kusifu, maana walichokiona kilikuwa cha kweli. Ila mgeni hasubiri basi Kimara saa 12 asubuhi, Jumatatu ya masika, na mengi kuhusu usafiri wa mji hujulikana hapo.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu miji kadhaa ya Afrika Mashariki inataka kufanya kama tulivyofanya sisi, na nusu ya tulichofanya haifai kuigwa.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA ya wazee wetu, liliundwa 1974. Likaanza vizuri. Kisha uchumi ukayumba, fedha za kigeni za kuagizia vipuri zikaadimika, na mabasi yakawa yanapandishwa juu ya mawe moja baada ya jingine. Wasiobahatika wakatembea kwa miguu, waliobahatika wakapanda chai maharage, magari ya watu binafsi yasiyo na kibali, wakikaa kwenye mabenchi wakitazamana magoti. Mwaka 1983 Serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na daladala zikapata uhalali. Lami haikuwa tatizo, ilikuwepo. UDA iliangushwa na ukosefu wa vipuri, na hilo lingetosha kutufundisha mapema kwamba usafiri wa mji hufia karakana kabla haujafia barabarani.

Daladala tumezitukana kwa miaka mingi, mengine kwa haki. Inangoja mpaka ijae, inakatisha ruti, inasimama katikati ya barabara kushusha abiria mmoja huku nyuma foleni inafika Magomeni. Lakini mwangalie dereva wake. Hana mshahara wa kueleweka. Ana hesabu ya tajiri. Asubuhi anajua kiasi anachotakiwa kupeleka jioni, na kinachozidi baada ya mafuta ndicho chakula chake na cha konda. Mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka kituoni na viti vitupu, wala hawezi kumwachia mwenzake abiria wa mbele. Umuweke padri kwenye usukani ule, ndani ya wiki moja atakuwa anakatisha ruti.

Mwendokasi ilibuniwa kuiondoa hesabu hiyo. Basi lipewe njia yake peke yake katikati ya barabara. Nauli ikusanywe getini, kabla abiria hajapanda, na mkono mwingine usio wa mwenye basi. Kampuni ya mabasi ilipwe kwa kilomita ilizotembeza, ili dereva asiwe na sababu ya kugombea kichwa. Wazo lilitoka Curitiba ya Brazili miaka ya 1970, likakomaa Bogotá kuanzia mwaka 2000, na ni wazo zuri hadi leo. Wakala wa DART, msimamizi wa mfumo huo hapa kwetu, ulianzishwa 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkandarasi akiwa Strabag wa Austria: kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, na matawi mawili ya Morocco na Kariakoo. Mei 10, 2016 mabasi yakaanza kazi.

Na kwa muda mji ulipumua. Mtu wa Kimara aliyekuwa akitumia saa mbili kufika Posta alianza kufika kwa dakika 45. Wengine waliegesha magari yao, wakapanda basi na tai zao shingoni. Daladala za Kimara kwenda Posta na Kariakoo ziliondolewa katika njia ile zikapangiwa kwingine, na hakuna aliyezililia sana. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji aweke alama, kwa sababu kuanzia siku ile abiria wa Barabara ya Morogoro hakuwa na njia ya pili. Mwendokasi ikiugua, anaugua nayo.

Sasa hesabu ya darasa la saba. Kimara hadi Kivukoni ni kama kilomita 16. Kwenda, kurudi na kugeuza, njia ikiwa wazi, tuseme dakika 90. Ukitaka basi moja kila baada ya dakika mbili, unahitaji mabasi 45 yanayozunguka bila kusimama. Basi refu la mita 18 linabeba watu kama 150, kwa hiyo kwa saa moja utakuwa umewavusha watu 4,500 upande mmoja. Mabasi 30 kati ya hayo yakiharibika, yanabaki 15, basi linakuja kila dakika sita, na watu wanaovuka ni 1,500. Zege ni lilelile, vituo ni vilevile, mkopo ni uleule. Watu 3,000 wamebaki kituoni. Na hizo dakika sita ni za kwenye karatasi. Kituoni hali huwa nusu saa ya ukame, halafu yanakuja mabasi matatu kwa mkupuo, la mbele limefurika na la mwisho lina nafasi ambayo hakuna anayethubutu kuingoja.

Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Tulianza na 140, chini ya mkataba wa mpito, kwa ahadi kwamba mzabuni wa kudumu anakuja. Mpito ule ukageuka kuwa ndiyo safari yenyewe. Mabasi 140 yalikimbizwa kutwa nzima, miezi kwa miezi, yakibeba mzigo uliopangiwa mabasi zaidi ya 300, kisha yakatakiwa yafike na Mbezi, na baadaye hata Kibaha. Gari ambalo halipumziki halitengenezwi vizuri. Mwaka 2018 yakaletwa mengine 70. Yalifika bandarini, na bandarini yakakaa, kwa mvutano wa kodi, huku watu wa Kimara wakisoma habari zake kwenye magazeti wakiwa wamesimama foleni. Sijui kama kuna adhabu kali zaidi kwa abiria kuliko kujua basi lake liko mjini ila halina kibali cha kutoka getini.

Tazama jinsi watu wanavyojitetea. Anayekaa Baruti au Kona hawezi kupanda basi linalotoka Kimara kwenda mjini asubuhi, kwa sababu linapofika kwake mlango haufunguki vizuri kwa wingi wa miili. Anachofanya ni kupanda basi linalokwenda Kimara, upande wa pili, halafu anageuza nalo. Hashuki. Basi likiingia Kimara tayari limejaa watu wa Korogwe, Bucha, Baruti na Kona, na aliyeamka saa 10 alfajiri akaja kupanga foleni Kimara anaona mlango unafunguka hakuna anayeshuka. Hapo foleni inavunjika. Vijana wanaingilia dirishani, mabegi yanatangulia, mama mwenye mtoto mgongoni anarudi nyuma mwenyewe kabla hajasukumwa. Kila anayegeuza ana akili timamu, na wote kwa pamoja wamekula viti vya basi mara mbili kwa nauli moja. Ugonjwa wa daladala umerudi kwa mlango mwingine. Zamani alikuwa dereva anayegombea abiria, siku hizi ni abiria wanaogombea dereva.

Nije Jangwani, maana hapo ndipo pananiuma zaidi. Desemba 2011 mafuriko makubwa yalipiga Bonde la Msimbazi. Makumi ya watu walikufa jijini, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande baada ya kuambiwa kwamba pale si mahali pa kuishi binadamu. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Kisha katika bonde hilohilo, pale Jangwani, kwenye ujenzi ulioanza mwaka uliofuata, ikawekwa karakana kuu ya mwendokasi. Watu walihamishwa, mto haukuhamishwa. Mvua zilipokuja maji yakaingia karakana, yakakuta mabasi yamelala, yakaingia kwenye injini na nyaya. Mabasi ambayo tayari hayakutosha yakapungua tena, safari hii bila hata kutembea. Na mvua ikizidi polisi hufunga barabara kati ya Magomeni na Fire, huduma ikakatika vipande viwili, na watu wakashushwa Magomeni Mapipa wajue la kufanya.

Mtu anaweza kusema ardhi ya mjini ni ghali, na pale palikuwa wazi. Palikuwa wazi kwa sababu. Sasa umekuja mradi mwingine wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, nao kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye daraja jipya la Jangwani na mpango wa kuiondoa karakana bondeni. Mkopo wa kwanza ulijenga, wa pili unarekebisha, na yote miwili italipwa na mjukuu wa yule aliyehamishiwa Mabwepande.

Lakini mafuriko yana macho, kila mtu aliyaona. Kuna shimo jingine ambalo halikuonekana na ndilo refu zaidi, nalo ni nauli. Kabla huduma haijaanza, kampuni iliyopewa uendeshaji ilipendekeza Sh1,200 kwa njia kuu, Sh700 kwa njia za pembeni na Sh1,400 kwa zote mbili. Watu wakaja juu. Waziri Mkuu akakataa, na mamlaka inayodhibiti nauli ikapanga Sh650, Sh400 na Sh800, mwanafunzi Sh200. Tukashangilia, na kwa mtu mwenye kipato cha kawaida ulikuwa ushindi wa kweli, kwa sababu Sh1,200 mara mbili kwa siku ingewarudisha wengi kwenye miguu yao. Huenda pendekezo lile lilitiwa chumvi. Wafanyabiashara hawaanzi bei chini.

Kilichokosekana katika shangwe zile ni sauti moja ya kuuliza: kama kuliendesha basi kunagharimu zaidi ya kinachoingia kwa Sh650, tofauti inatoka fungu gani? Hakuna fungu lililotajwa. Na basi halijui siasa. Tairi likiisha limeisha, gia ikigoma imegoma. Pesa ya kuifanyia matengenezo isipokuwepo, fundi anachomoa kifaa kwenye basi moja bovu kutibu jingine, na baada ya mwaka una safu ya mabasi yaliyobaki maganda. Tofauti ya nauli imelipwa tu, ila imelipwa na abiria, kwa saa zake za kusimama. Miji mingi ya Ulaya tunayoisifu kwa mabasi yanayofika kwa dakika haiendeshi mabasi hayo kwa nauli peke yake; hazina ya umma huongeza. Nasi tungeweza kuchagua nauli ndogo na ruzuku, au nauli kubwa bila ruzuku. Tulichagua nauli ndogo bila ruzuku, tukaiita huduma.

Na hata hicho kidogo kilichoingia hakikuhesabiwa vizuri. Mfumo ulianza na kadi, abiria anagusa geti linafunguka. Kadi zikapotea, tukarudi kwenye tiketi za karatasi, na mageti ya kielektroniki yakabaki yametazama. Nauli ilipopanda hadi Sh750, dirishani ukawa mchezo wa kila asubuhi: unatoa noti ya Sh1,000, mkatishaji anakuambia lete hamsini nikupe mia tatu, huna, mtu wa nyuma anasonya, basi linaondoka. Tiketi ya karatasi haisemi abiria kashukia wapi wala saa ngapi. Bila hilo, anayepanga ratiba anapanga kwa kukisia, na mwenye mkono mrefu haonekani.

Kuna mji mmoja uliopita hapa kabla yetu. Februari 10, 2007, Santiago ya Chile ilibadilisha mfumo wake wote wa mabasi kwa siku moja. Jana yake mji ulikuwa na mabasi ya njano yaliyogombea abiria kama daladala zetu. Asubuhi wakaamka na mfumo mpya, Transantiago, ramani mpya, kadi ya lazima. Barabara maalumu zilikuwa hazijakamilika, wala mitambo ya kufuatilia mabasi. Mikataba ilikuwa imewahakikishia wenye mabasi mapato hata kama hawatembezi mabasi yote, kwa hiyo wengine hawakujisumbua. Watu wakakwama vituoni, wakafurika kwenye treni za chini ya ardhi mpaka hazikupumulika. Ndani ya wiki chache Rais Michelle Bachelet alisimama mbele ya taifa akakiri kwamba mambo hayakwenda vizuri, na waziri wa uchukuzi akaondoka. Kosa lao lilikuwa kinyume cha letu: sisi mwenye basi tulimkabidhi nauli isiyotosha, wao walimkabidhi pesa isiyo na kazi.

Tofauti ni walichofanya baadaye. Mwaka 2009 Chile ilipitisha sheria ya ruzuku ya kudumu kwa usafiri wa umma. Mikataba ikaandikwa upya, malipo yakafungwa kwenye kilomita na abiria waliobebwa kweli. Kisha ndipo, mfumo ukiwa umeanza kusimama, wakaleta mabasi ya umeme, na leo Santiago ina moja ya makundi makubwa zaidi ya mabasi hayo nje ya China. Ile Tuzo ya Usafiri Endelevu waliipata 2017, mwaka mmoja kabla yetu. Wao walianguka, wakajifunza, wakatuzwa. Sisi tulianza na tuzo.

Nairobi nayo ina kipande chake, kifupi. Mwaka 2018 Thika Road ilipakwa mstari mwekundu kutenga njia ya mabasi ya haraka. Rangi ilikauka. Mabasi hayakuja, na magari yakaendelea kuukanyaga mstari mpaka ukafifia. Desemba mwaka huohuo matatu, daladala za kwao, zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, bila basi mbadala. Maelfu wakatembea kwa miguu, na marufuku haikumaliza hata siku mbili.

Ungetarajia baada ya yote hayo awamu ya pili yetu iende tofauti. Barabara ya Kilwa, kutoka Mbagala, kilomita 20.3, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zege likamwagwa, vituo vikajengwa vizuri, taa zikawekwa. Kisha ikakaa zaidi ya mwaka bila basi. Watu wa Mbagala, ambao hakuna anayewazidi kwa kugombania usafiri katika mji huu, walipita kila siku pembeni ya njia tupu wakiwa wameninginia mlangoni mwa daladala. Njia tupu hailali. Bodaboda ziliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Hatimaye mabasi ya gesi yalianza kazi Oktoba 2025.

Gesi yenyewe ni jambo jema. Ni yetu, inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, na moshi wake ni afadhali kuliko wa dizeli tunaoumeza pale Ubungo. Ila usafi wa mji hauanzii kwenye tangi la basi. Unaanzia kwa yule bwana wa Kimara aliyeegesha gari lake mwaka 2016. Alipochoka kuchaniwa shati alirudi kwenye gari, akiwa peke yake ndani yake, na jirani yake asiye na gari akakopa akanunua bodaboda. Basi safi lisilokuja halijapunguza moshi hata wa pikipiki moja. Nasema hivi kwa sababu naona mazungumzo yanahamia haraka kwenye gesi, betri na umeme, mambo ya kupendeza kwenye picha, wakati swali la fundi na vipuri bado liko pale UDA ilipoliacha.

Awamu ya tatu, ya Gongo la Mboto, na ya nne, ya kuelekea Tegeta, ziko mikononi mwa wakandarasi. Siku ya kukata utepe itafika, na viongozi watakuja na ngoma. Wewe unayekaa Ukonga au Kunduchi, usingoje siku hiyo. Mwulize diwani wako sasa hivi, na mbunge akija mwulize mbele za watu: mkataba wa mabasi umeshasainiwa, na ni mabasi mangapi? Yatalala wapi mvua ikinyesha? Tofauti kati ya nauli na gharama italipwa na nani, na iko ukurasa gani wa bajeti? Daladala zetu mtaziondoa lini, kabla au baada ya basi la mia moja kuingia barabarani? Akikujibu kwa kukutajia urefu wa barabara na gharama ya ujenzi, mwulize tena.